Nukta Nyekundu Juu ya Bati la Ngosha

Tulimwacha Modesta chini ya meza, na kafi la Ngosha juu ya meza hiyohiyo.

"Yuko wapi?" Ngosha alinguruma tena. "Yuko wapi mwanamke aliyeipaka nyumba yangu rangi nyekundu?"

Chumba cha habari cha gazeti la *Jicho la Ziwa* kilinyamaza. Hata feni ilizunguka kwa adabu.

"Sisi hatuuzi rangi, kaka," alisema Gaurav, fundi wa tovuti, akiwa amejikunyata nyuma ya kompyuta yake. "Duka la rangi liko hapo chini, mlango wa pili."

"Usinichezee! Majina yenu yameandikwa chini ya ramani. Mchoraji: Gaurav. Mtafiti: Modesta. Nimewasoma wote wawili!"

Msomaji uliyetukuta njiani, usibabaike. Modesta ni mwandishi wa takwimu. Wenzake wakikimbilia maneno ya wakubwa, yeye huwauliza watu wengi swali moja, akayajumlisha majibu, kisha akachora. Safari hii aliwauliza wanaofanya kazi majini, kuanzia Kamanga hadi Nansio: unajua kuogelea? Kila aliyesema hajui alipewa nukta nyekundu kwenye ramani. Na kila mmoja aliahidiwa kwamba hakuna atakayejua jibu lake isipokuwa Modesta.

Wengi hawakujua. Hiyo ndiyo ilikuwa habari kubwa.

Lakini nukta moja ilitua juu ya bati la Ngosha, nahodha wa mtumbwi wa mashindano wa Kamanga. Na Kamanga wanapambana na Nansio Jumamosi hii.

"Mnajua wananiitaje sasa?" Ngosha alipiga meza kwa kafi. "Nahodha wa Beseni! Jana nimekuta dumu tupu limefungwa mlangoni kwangu kwa kamba. Limeandikwa: LIKUSAIDIE. Leo asubuhi muuza chai ananiuliza, kaka, nikujazie kikombe au utazama?"

Chini ya meza pakatoka sauti kama ya kuku aliyekabwa.

Ngosha aliinama polepole. Wakatazamana.

"Habari za Kamanga, kaka Ngosha?" alisema Modesta, mkono mdomoni, machozi ya kicheko yakimlenga. "Nilikuwa natafuta kalamu."

"Nimekupata!"

Kafi likapanda juu. Na hapo hapo mlango wa mhariri ukafunguliwa.

"Ngosha! Mwangaluka!"

Alikuwa Mzee Liaqat, mhariri, mjukuu wa wauza vitambaa, mzaliwa wa Mwanza anayekijua Kisukuma kuliko wapiga debe. Ngosha alibaki na kafi hewani. Amekasirika, ndiyo, lakini amesalimiwa na mzee, na kwao salamu haiachwi njiani.

"Mwangaluka, mzee."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Mama?"

"Hajambo, mzee."

"Ng'ombe je? Yule mwekundu aliyekuwa anachechemea?"

"Amepona."

"Mvua huko kwenu?"

"Imenyesha kidogo." Kafi lilikuwa limeshuka hadi kwenye kiuno.

"Na kafi lenyewe halijambo?"

Ngosha alilitazama kana kwamba ni mara ya kwanza kuliona. Akaliegemeza ukutani. "Halijambo, mzee," alijibu kwa aibu.

"Basi kaa. Modesta, toka huko chini. Mweleze."

Modesta alitoka na vumbi magotini. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Nukta ile si yako," alisema. "Na kosa ni langu. Nukta zote nilizisogeza kidogo kutoka kwenye nyumba za wenyewe, kila moja upande wake, ili mtu asijulikane. Hilo si baya, wengi hufanya hivyo. Lakini nilifikiri Kamanga ni kama Nyakato. Nyakato nyumba zimebanana, nukta ikisogea inaangukia kati ya mabati mengi, hakuna wa kunyooshewa kidole. Nyumba yako wewe imekaa peke yake juu ya jabali, kama kofia. Hukuwa na jirani wa kugawana naye aibu."

"Nyingine imeangukia katikati ya ziwa," Gaurav alidakia. "Wasomaji wanauliza kama sangara nao walihojiwa."

"Nyamaza, Gaurav," alisema Mzee Liaqat.

Ngosha alikuwa anafikiri, na kufikiri kwake kulionekana usoni. "Kwa hiyo kuna mtu, nukta ni yake, mmemwondolea mkaniangushia mimi."

"Ndivyo ilivyotokea."

"Ni nani?"

Simu ya Modesta ilianza kutetemeka mezani, ikitembea yenyewe kuelekea ukingoni kama mende. Jina liliwaka kwenye kioo wote wakaliona.

TEODORA.

"Ah, Teodora wangu!" Uso wa Ngosha ulikunjuka. "Pokea, pokea! Nimsalimie mchumba."

Sasa sogea karibu, msomaji. Modesta aliahidi kunyamaza. Mimi sikuahidi kitu, kwa hiyo nitakunong'oneza: nukta ile ni ya Teodora. Teodora, nahodha wa mtumbwi wa wanawake wa Kamanga, ambaye posa ya Ngosha imeshapokewa kwao na siku ya mahari inatafutwa. Alimvuta Modesta nyuma ya jiko akamwambia sikioni: sijui kuogelea, andika, lakini Ngosha akisikia nitakufa kwa aibu kabla ya kufa maji.

Modesta alipokea simu na kuibana sikioni kwa nguvu zote.

"Modesta!" sauti ya Teodora ilimfikia yeye peke yake, ikiwa nyembamba kama ya mbu. "Nukta imeangukia kwa Ngosha, naye anaogelea. Ni yangu ile, eti?"

"Ndiyo, dada. Samaki watakuwepo," alisema Modesta.

"Samaki gani?"

"Wabichi."

"Yuko hapo?"

"Hapahapa, na kafi lake."

"Mungu wangu! Modesta, uliniahidi."

"Nami nakumbuka, dada. Bei haitabadilika."

"Mpe simu nimchanganye."

Ngosha alinyakua simu. "Mpenzi! Usijali, hawa nawanyoosha. Kesho wataandika ukurasa wa mbele kwamba mumeo mtarajiwa anaogelea kama mamba!"

Kisha Teodora alisema, kwa sauti ya mtu aliyemeza mwiba, "Hayo ndiyo maneno, mpenzi."

Simu ilipokatika, Ngosha alimgeukia mhariri. "Mzee umesikia. Nataka habari hiyo."

"Masahihisho utayapata," alisema Mzee Liaqat. "Na yatatoka ukurasa wa mbele, maana kosa lilitoka ukurasa wa mbele. Sipendi kuvunja sahani sebuleni nikaomba radhi chooni."

"Nitaandika kwamba nukta haihusu nyumba yako," alisema Modesta. "Hilo nalijua. Kwamba unaogelea kama mamba, siandiki."

"Kwa nini? Ulinihoji, nikakujibu!"

"Ulinijibu, na jibu lako limo ndani ya ahadi ileile. Haliwezi kutoka na jina lako hata likiwa tamu. Tena sijakuona majini."

Ngosha akamtazama Mzee Liaqat, akamtazama Gaurav, akachukua kafi lake.

"Modesta, njoo nje. Wewe peke yako."

Gaurav alishika simu tayari kuwaita walinzi. Modesta alimfuata nahodha hadi kwenye ngazi. Ngosha alichungulia juu, akachungulia chini, kisha yule mwanamume mwenye mabega ya kubebea jokofu akanong'ona:

"Dada, usiandike kabisa ile ya mamba."

"Si nimesema siandiki."

"Nashukuru. Kwa sababu sijui."

"Hujui nini?"

"Kuogelea."

Modesta alikaa kwenye ngazi bila kupanga. "Lakini kwenye utafiti ulisema..."

"Teodora alikuwa amekaa pale anamenya viazi! Ulitaka niseme nini? Mwanamke anaongoza mtumbwi, majini hana woga, mimi nimwambie maji yakinifika kifuani namwita mama?"

Modesta alijaribu kujizuia. Alifikiria misiba, alifikiria meno kung'olewa. Haikusaidia. Kicheko kilimtoka kikashuka ngazi zote hadi duka la rangi.

"Cheka tu," alisema Ngosha. Naye akaanza kutabasamu kidogo. "Lakini ona maajabu. Ramani yako imesema kweli."

"Hapana. Imebahatisha." Modesta alifuta macho. "Wewe ulinidanganya, mimi nikakosea, makosa mawili yakagongana yakatoa kitu kinachofanana na kweli. Kweli ya kuokota si yangu kuichapisha."

"Kwa hiyo masahihisho bado yatatoka?"

"Yatatoka."

Ngosha alikaa ngazi ya chini yake. "Mama alikuwa anatuchapa. Ukirudi na nywele mbichi, fimbo. Anasema kuna kichocho, kuna mamba. Tumelelewa kando ya maji kwa kukatazwa maji. Halafu ukikua wanakupa mtumbwi."

"Hata sisi," alisema Modesta. "Hata Pius."

Hapo aliacha kucheka kabisa. Pius alikuwa kaka yake. Aliinama kuokota ndara iliyoelea kando ya mtumbwi, akateleza. Ndani ya mtumbwi ule wote walikuwa watu wa ziwa, watu wa nyavu na injini. Wote walinyoosha mikono. Mikono ilikuwa mingi sana, waliomsimulia Modesta walisisitiza hivyo, kana kwamba ilikuwa faraja. Hakuna aliyeruka, kwa sababu hakuna aliyejua. Siku za msiba watu walisema ni mapenzi ya Mungu, na Modesta aliitikia. Baadaye akajifunza kuogelea. Baadaye zaidi akaanza kuuliza lile swali lake, mwalo kwa mwalo, kila panaposhushwa samaki.

"Kumbe ndiyo maana," alisema Ngosha.

"Ndiyo maana. Watu wakiogopa kunijibu, ramani inakufa. Ramani ikifa, tutaendelea kunyoosha mikono tu."

Ngosha alimuaga kwa mikono miwili kama anavyoagwa mkubwa, akashuka. Huko chini akasikika akimuuliza muuza rangi kama ana rangi ya kufuta nukta.

*

"Nifute kimyakimya?" Gaurav aliuliza, kidole juu ya kitufe. "Ile ramani inaondoka, naweka nyingine. Kesho kila mtu ataona ameota."

Mzee Liaqat alimtazama Modesta, kama mwalimu anayejua jibu.

"Tukifuta kimyakimya," alisema Modesta, "Ngosha atabaki Nahodha wa Beseni, na sisi tutakuwa gazeti la penseli. Leo tunaandika, kesho tunafuta. Badilisha ramani, Gaurav, lakini andika juu yake kwamba imebadilishwa, na kwa nini."

"Hapo sawa," alisema mzee. "Andika, binti yangu. Usijitetee sana. Mtu anayejitetea sana huonekana ana kosa jingine mfukoni."

Masahihisho yalitoka kwa herufi kubwa kama za habari yenyewe:

*TULIKOSEA. Nukta za ramani yetu ya watu wasiojua kuogelea zilisogezwa ili kuwalinda waliotujibu, lakini hatukuwaambia wasomaji. Hakuna nukta iliyoonyesha nyumba ya mtu yeyote. Nyumba ya juu ya jabali pale Kamanga imehusishwa bila sababu, na tunawaomba radhi wenye nyumba hiyo. Ramani mpya inaonyesha kila kata kwa rangi moja, bila nukta.*

Modesta alilala vizuri usiku huo. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake la pili.

Kwa maana pale Kamanga, Mwenyekiti wa kamati ya mashindano alilinunua gazeti, akapanda juu ya kreti la soda, akasoma kwa sauti. Huyu ni Nathaniel, bwana wa suti na viatu vya kung'aa, aliyewahi kuwa nahodha zamani na ambaye hajawahi kusamehe kwamba zamani ilipita.

"Zimesogezwa!" alipaza sauti. "Mmesikia? Zimesogezwa kidogo! Kama si Ngosha, basi ni mtu wa karibu na Ngosha! Ndugu zangu, tuna manahodha wawili tu: Ngosha wa wanaume na Teodora wa wanawake. Mmoja wao anatudanganya. Ijumaa jioni wote wawili wataingia majini mbele ya umma!"

Watu walishangilia. Kamanga haikuwa imepata burudani ya bure tangu mbuzi wa padri apande kwenye kivuko peke yake.

Simu ya Modesta ikawaka moto.

"Modesta, wananitia majini!" Teodora alilia.

"Nakuja."

*

Kivuko kilijaa siku hiyo. Nusu ya abiria walikuwa wanakwenda kuona manahodha wakioga. Modesta alisimama kwenye nondo za ukingo, Mzee Liaqat pembeni yake na mwavuli.

"Utafanya nini ukifika?" aliuliza mzee.

"Sijui."

"Hata mimi."

Aliyokuwa nayo moyoni hakumwambia hata mhariri wake. Lakini mimi, mchonganishi, nitakunong'oneza tena. Siku ya utafiti Modesta alipita pia nyumbani kwa Nathaniel. Bwana Mwenyekiti alikuwa anatafuna hindi la kuchoma, mkewe Gladness amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Unajua kuogelea, Mwenyekiti? Nathaniel alimeza, akasogeza kiti, akasema kwa sauti ya chini: "Andika sijui. Lakini ukinitaja, nakukana mbele ya mahakama."

Kwa hiyo Modesta alikuwa na sentensi moja tu, ndogo, tamu. Akiisema, Nathaniel ananyamaza, Teodora anapona, Ngosha anapona. Sentensi ilikuwa imemkaa ulimini kama pipi.

*

Ufukwe wa Kamanga ulikuwa mweusi kwa watu. Waliopanda mawe, waliopanda bodaboda, waliopanda mabega ya wenzao. Mama mmoja alikuwa anakaanga sato na kutabiri: "Teodora atapita, Ngosha atazama, kipande hiki elfu mbili, sogea upate joto."

Ngosha na Teodora walisimama kwenye mchanga bega kwa bega, kila mmoja akimtabasamia mwenzake kwa meno yote, kila mmoja akitetemeka.

"Uko tayari, mpenzi?" aliuliza Ngosha.

"Mimi? Maji haya? Nayaonea huruma," alisema Teodora. "Wewe tangulia."

"Aa, wanawake kwanza. Ndiyo ustaarabu."

"Mila zetu mume hutangulia."

Nathaniel alipuliza filimbi. Alimwona Modesta na uso wake ukang'aa kuliko viatu.

"Mwandishi! Umekuja wakati mzuri. Nakupa nafasi mbele ya umma huu. Taja mwenye nukta, na huyu mwingine aende nyumbani salama."

"Simtaji, Mwenyekiti."

"Basi wataingia wote."

"Mwenyekiti, mtu anaweza kufa hapa."

"Nahodha afe majini? Hiyo itakuwa habari, utaandika!"

Watu wakacheka. Modesta aliisikia ile pipi ulimini ikiyeyuka. Alifungua mdomo. Nathaniel, msomaji, alikuwa mjinga wa mambo mengi lakini si wa hilo. Aliuona mdomo ule ukifunguka, na jasho likamchuruzika kutoka chini ya kofia.

Modesta akaufunga.

Kwa nini? Kwa sababu Nathaniel aliahidiwa kama wengine. Ahadi haikusema nitakutunzia siri yako ukiwa mtu mwema. Siku Modesta atakapoigeuza siri ya mtu mmoja kuwa fimbo, hata kama mtu huyo anastahili fimbo, hakuna mvuvi kutoka hapa mpaka Nansio atakayemjibu tena.

"Ramani nilikosea mimi," alisema kwa sauti iliyofika hadi kwa mama wa sato. "Nimeandika hivyo kwenye gazeti, nasema hivyo hapa. Kama kuna wa kuadhibiwa, ni mimi."

"Mwandishi hatumtaki, tunamtaka nahodha!" mtu alipiga kelele.

"Mamba! Mamba! Mamba!" umati uliitikia, ukimtaka Ngosha kwa sifa aliyojipa mwenyewe.

Ngosha aliingia. Maji yalimfika kwenye vifundo, yakamfika magotini. Hapo akasimama kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka.

Teodora alimtazama. Aliyatazama magoti yake. Lile tetemeko alilijua, lilikuwa lake mwenyewe kila asubuhi akikanyaga mtumbwi. Tabasamu likamwanguka.

"Modesta," aliita. "Nakuruhusu. Fungua mdomo, waambie."

"Hapana, dada."

"Nimekuruhusu mimi mwenyewe!"

"Umeruhusu ukiwa umekabwa koo. Ruhusa ya aliyekabwa si ruhusa."

"Huyu mwanamke ana kichwa kigumu!" Teodora aliwageukia watu, kanga akaikaza kiunoni. "Basi nitajisemea. Nukta ni yangu! Mimi Teodora, nahodha wenu, sijui kuogelea. Haya, nileteeni dumu!"

Samaki peke yao waliendelea kutatarika kwenye mafuta.

Kisha likasikika pwaa! Ngosha alikuwa amekaa chini ndani ya maji, anacheka, anapiga maji kwa viganja kama mtoto anayeogeshwa.

"Yako? Teodora, ni yako?"

"Ni yangu. Nyamaza, utanicheka tukifika nyumbani."

"Mimi pia!"

"Wewe pia nini?"

"Sijui! Sijawahi kujua!"

"Si ulisema mamba?"

"Ulikuwa unamenya viazi!"

"Mungu wangu!" Teodora alishika kichwa. "Na mimi nilimvuta Modesta nyuma ya jiko ili usisikie wewe!"

Alimkimbilia majini, akakumbuka, akafunga breki maji yalipofika magotini. Wakashikana hapohapo, hakuna aliyethubutu kusogea hatua moja zaidi. Vigelegele vikapasuka. "Harusi yao wasipande kivuko!" alipiga kelele mtu juu ya jiwe. "Zawadi ni madumu!" alijibu mwingine. Mzee Liaqat alikuwa ameangusha mwavuli na hakuuona.

Modesta alicheka hadi akaketi kwenye mchanga.

Filimbi ililia, ndefu na kali.

"Kimya!" alisema Nathaniel. "Mapenzi ni mapenzi, kanuni ni kanuni. Asiyejua kuogelea haongozi mtumbwi wa Kamanga. Ngosha, umevuliwa unahodha. Teodora, umevuliwa unahodha." Alirekebisha tai. "Na kwa kuwa mashindano ni kesho, na kwa kuwa kamati haiwezi kuacha mtumbwi bila kichwa, mtumbwi wa wanaume nitauongoza mimi mwenyewe!"

Kumbe! Ndicho alichokuwa anakitafuta tangu juu ya kreti la soda.

Watu waliguna. Wengine walianza kupiga makofi ya woga. Na kutoka nyuma ya karai la sato ikaja sauti tulivu ya mwanamke.

"Hongera, baba Hellen."

Alikuwa Gladness, mke wa Mwenyekiti, na kipande cha samaki mkononi.

"Asante, mama Hellen."

"Basi vua viatu."

"Viatu vya nini?"

"Si umesema nahodha lazima aogelee? Na wewe sasa ni nahodha. Vua, suti isiloe."

Nathaniel aligeuka kama aliyeumwa na siafu, kidole kikaelekea kwa Modesta. "Umemwambia! Mwandishi, uliniahidi, na umemwambia!"

Ufukwe mzima uligeuza shingo.

"Amemwambia nini, Mwenyekiti?" aliuliza Ngosha kutoka majini, kwa upole kabisa.

Nathaniel alibaki na kidole hewani. Alikitazama kidole chake kama kimemsaliti.

"Sijamwambia mtu," alisema Modesta.

"Hajaniambia," alisema Gladness. "Siku ile nilikuwa nachambua mchele, baba Hellen, sikuwa nimelala."

"Amemwambia nini?" watu sasa waliuliza kwa wimbo, wakipiga makofi. "Amemwambia nini? Amemwambia nini?"

Mwanamume mwingine angesema mimi pia, akaketi majini na wale wawili, na siku ikaisha kwa sato. Nathaniel hakuwa mwanamume mwingine. Alivua kofia. Alivua kiatu cha kulia, kisha cha kushoto, akavipanga sawasawa juu ya jiwe. Akakunja suruali.

Modesta alishituka. Alijikuta amesimama tayari, ndara zimebaki mchangani, maji yanamfika kiunoni, yuko kati ya Mwenyekiti na kina, mikono wazi.

"Mwenyekiti, acha. Hakuna aliyekulazimisha. Sema tu hutaki."

Nathaniel aliingia majini akamsogelea. Umati uliona midomo yake ikicheza lakini haukusikia kitu, kwa sababu alinong'ona.

"Mwandishi. Hapo ulipo, nyuma yako, kuna kina?"

"Takwimu hizo sina, Mwenyekiti. Rudi."

Aliitazama Kamanga yote iliyosimama juu ya mawe. Akamtazama Gladness, aliyekuwa ameacha kutafuna. Kisha Mwenyekiti aliitia filimbi mdomoni, akajipulizia mwenyewe, akaruka kumpita Modesta, kuelekea kwenye kina.